Nani Atachimba Shimo la Pili?

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, vijana saba tunapita katika bloki yetu hapa kambini Kinama tukiwa na kamba. Kamba hiyo ina jiwe mwishoni, na kila baada ya nusu mita tumefunga fundo. Tunabisha hodi, tunafungua mlango wa choo, tunateremsha jiwe polepole, halafu tunahesabu mafundo. Mmoja anaandika kwenye daftari. Watoto wanatufuata nyuma wakicheka. Wametupa jina: wavuvi wa mavi. Mwanzoni tuliona aibu, sasa tumezoea.

Watu wengi wameniuliza kwa nini tunafanya kazi hiyo bila kulipwa. Jibu langu ni refu kidogo, juu linaanza na kosa langu mwenyewe, halafu linarudi nyuma kwenye historia ya milima hii ya Burundi, ya Tanzania na ya kwetu Kongo. Naomba mnivumilie.

Miaka michache iliyopita nilipewa karatasi ya kujaza. Swali lilikuwa moja tu: bloki yenu ina vyoo vingapi? Nilipita njiani nikihesabu vibanda kwa kidole. Nikaandika 32, nikatia sahihi, nikarudisha karatasi. Sikufungua mlango hata mmoja. Baada ya miezi miwili, watoto wa nyumba tatu zinazofuatana waliugua kuhara damu. Wawili walipona. Wa tatu, mtoto wa miaka 4 aliyekuwa akija kwetu kuomba maji ya kunywa, hakupona. Siku ya maziko ndipo nilikwenda kuangalia choo cha nyumba zile. Kilikuwa kimejaa hadi kwenye sakafu, na watu walikuwa wameacha kukitumia tangu zamani. Kwenye karatasi yangu kilihesabiwa kuwa kipo.

Siwezi kusema kwa hakika kwamba choo kile ndicho kilichomuua. Lakini najua kwamba niliandika neno "kipo" bila kujua ninaandika nini. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: kabla yetu, watu walihesabu vyoo namna gani?

Mwaka 2023 nilipata karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, nikaenda Gitega kwa mafunzo ya vijana. Kutoka Muyinga unapita njia ya Karuzi, mlima baada ya mlima. Gitega ndiyo mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu mwaka 2019, lakini umri wake katika utawala ni mkubwa zaidi: Wajerumani walihamishia makao yao pale mwaka 1912. Kuna Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955, yenye vitu vya zamani za wafalme. Nilitazama ngoma, vikapu, vyungu na mikuki. Nikajikuta nawaza jambo la kipumbavu: watu hawa wote walikwenda haja wapi?

Jibu nililipata siku iliyofuata, kwa mzee mmoja aliyekuwa jirani wa mahali tulipolala. Ana zaidi ya miaka 80. Kiswahili alijifunza Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi, alipokuwa dereva. Nilimwamkia, akanikaribisha kwenye kibao, nikamuuliza swali langu. Alicheka sana.

"Kijana wangu, kwenye migomba! Kwani wewe ulidhani wapi?"

Warundi wa milimani hawakuishi katika vijiji kama sisi watu wa Fizi. Kila familia ina boma lake, rugo, na migomba imelizunguka. Nyumba ziko mbali mbali, na mtu alijificha kwenye shamba lake mwenyewe. Watu walipokuwa wachache na nafasi kubwa, madhara hayakuonekana haraka. Choo cha shimo kilikuja baadaye, na dalili yake imebaki kwenye lugha. Kwa Kirundi utasikia akazu ka surwumwe, na akazu maana yake ni kijumba. Majirani zetu wa Rwanda wanasema umusarani, ambalo ni neno letu la Kiswahili, msalani, limevaa nguo ya Kinyarwanda. Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, ya masoko na ya ofisi za mkoloni. Mimi naona neno na kitu chenyewe vilisafiri kwa njia moja.

Mzee alikumbuka vizuri jinsi kijumba hicho kilivyofika kwao, akiwa mtoto, wakati wa Wabelgiji. Kilikuja kama vile kahawa ilivyokuja, na mihogo, na mifereji ya kuzuia mmomonyoko: kwa amri. Chifu mdogo alipita na watu wake, na asiyekuwa na shimo alijua kitakachompata. "Baba alichimba," mzee alisema. "Akaweka magogo juu, akajenga kibanda kizuri cha nyasi. Lakini hakuna aliyeingia. Mama alikuwa anaweka majembe humo. Siku ya ukaguzi tunatoa majembe, tunafagia, chifu anaangalia, anafurahi, anakwenda. Jioni majembe yanarudi."

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Niliikumbuka karatasi yangu ya vyoo 32.

Tarehe 1 Julai 1962 Burundi ilipata uhuru. Mzee alisema mlimani kwao hakuna aliyekuja tena kukagua, na kibanda cha baba yake kilianguka mvua ya pili. Walipanda mgomba kwenye lile shimo, mwisho wa habari. Sisi wa Kongo tunajua hadithi ya namna hii. Wazazi wetu walifanya salongo wakati wa Mobutu, kazi ya lazima ya kusafisha mji na kijiji. Waulize leo kama wanaikumbuka kwa furaha. Kazi ya lazima inaweza kuchimba shimo, hilo sikatai. Haiwezi kumfanya mtu aingie usiku wakati mkaguzi amelala.

Nilimuuliza mzee: basi choo cha kweli kilianza lini kwenu?

"Nilipooa," alijibu. Mke wake alikuwa amesoma kidogo kwa masista wa misheni. Siku ya kwanza asubuhi alimuuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini: "Mimi nitakwenda wapi?" Mzee alisema swali hilo lilimchoma kuliko kiboko cha chifu. Wiki hiyo hiyo alichimba. Shimo lilipojaa, alichimba lingine pembeni, akafukia la kwanza kwa udongo na majivu, akapanda mgomba. Aliniinua, akanizungusha shambani. Alikuwa akionyesha kwa fimbo: kichaka hiki ni choo cha kwanza, kile ni cha pili, cha tatu ni kule kwenye ukingo. Cha nne hakikufika hata mita mbili, kwa sababu mwaka 1993 vita vilianza na walikimbia. Cha tano, cha sita. Miaka karibu 60, mashimo sita, na sasa wajukuu ndio wanachimba.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimekuwa nikiuliza swali baya. Shimo la kwanza si kipimo, kwa sababu mtu yeyote anaweza kulichimba akisukumwa na chifu, shirika, mafunzo au zawadi ya sabuni. Kipimo ni shimo la pili, lile ambalo hakuna aliyemsukuma mtu kulichimba.

Nikiwa na swali hilo kichwani, nilianza kusoma na kuuliza juu ya kampeni nyingine.

Wenzetu wa Tanzania walifanya kampeni kubwa mwaka 1973, jina lake Mtu ni Afya. Hawakutumia kiboko. Walitumia redio na vikundi vya kusoma. Kwa wiki 12 watu walikusanyika, vikundi kama 75,000, karibu watu milioni 2. Walisikiliza kipindi, mmoja akasoma kitabu kwa sauti, halafu wakajadili: hapa kwetu ugonjwa unatoka wapi, na wiki hii tutafanya nini? Swali la mwisho ndilo lililokuwa na nguvu, kwani kikundi kilihimizwa kuamua jambo la kufanya. Mamia ya maelfu ya vyoo yalichimbwa. Kwangu mimi ni mojawapo ya kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kufanywa kwa Kiswahili.

Lakini mwaka uliofuata, 1974, Operesheni Vijiji ilipamba moto. Mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa nguvu, kwenda kwenye vijiji vipya. Mtu anaweza kubeba sufuria, godoro na hata mlango wa nyumba. Shimo haliwezi kubebwa. Aliyechimba mwaka 1973 aliliacha nyuma, akaanza upya mahali ambapo hakuchagua. Mwaka 1977 kipindupindu kilienea Tanzania. Sisemi kilikuja kwa sababu ya kuhamishwa, kwa maana ugonjwa ule ulikuwa unazunguka Afrika yote tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Nasema tu kwamba elimu nzuri bila mahali pa kukaa ni kama mbegu iliyomwagwa barabarani.

Kuhusu kukimbia, sisi hatuhitaji kufundishwa. Julai 1994, Wanyarwanda laki kadhaa waliingia Goma kwa siku chache. Ardhi ya kule ni mawe ya volkano, jembe linagonga na kurudi. Hawakuweza kuchimba vyoo, hata makaburi yalishindikana. Maji waliyachota ziwani Kivu. Katika mwezi mmoja walikufa watu karibu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Wale hawakukosa akili wala desturi. Wengi wao walikuwa na vyoo nyumbani kwao Rwanda wiki mbili kabla. Walikosa udongo, muda na nafasi. Kwa hiyo ninapomsikia mtu, awe mgeni au mwenzetu, akisema "hawa watu hawajui usafi", namwambia aende akachimbe kwenye mawe ya Goma.

Kongo nayo ilikuwa na mpango wake. Kuanzia mwaka 2006, Wizara ya Afya pamoja na UNICEF walianzisha mpango wa vijiji safi, ambao wazazi wetu wanaujua kwa jina la Kifaransa, Village Assaini. Kijiji chenyewe ndicho kiliomba kuingia. Kilichagua kamati, kikachora ramani yake, kikajipima. Ili kupata bango, kilitakiwa kutimiza masharti saba. Kati yake: kamati iwe hai, angalau nyumba 80 kwa 100 zitumie choo kizuri, watu 60 kwa 100 wanawe mikono kwa sabuni au majivu, na kijiji kifagiliwe angalau mara moja kwa mwezi. Mjomba wangu alikuwa kwenye kamati moja kule Fizi. Anasema siku ya bango walichinja mbuzi. Halafu watu wenye bunduki walifika, kamati ikatawanyika, yeye mwenyewe akakimbilia ng'ambo ya ziwa. "Bango liko bado," ananiambia. "Sisi ndio hatuko."

Napenda mpango ule kwa sababu ulitambua kitu kimoja: wa kwanza katika masharti si choo, ni kamati. Yaani watu wanaoulizana.

Sasa turudi hapa Muyinga, ambayo tangu mwaka 2025 imewekwa ndani ya mkoa mpya wa Buhumuza, ingawa sisi wote bado tunasema Muyinga. Nje ya kambi, kwenye milima ya Gasorwe, nimeona njia inayonipa moyo. Msalaba Mwekundu wa Burundi una vikundi vya wajitolea mpaka kwenye milima. Hawaji na magari. Ni majirani. Wanakutana, wanaulizana nani mlimani hapa hana nguvu: bibi kizee, mjane, mlemavu. Halafu wanakwenda pamoja, mmoja na jembe, mwingine na miti, mwingine na nyasi, wanamjengea kijumba au wanamchimbia choo, jioni wanarudi makwao. Warundi wana neno la zamani kwa kazi ya namna hiyo: ikibiri. Leo wanalima kwako, kesho kwangu. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko chifu, Mbelgiji na shirika, na choo kilipoingia ndani yake, kilipata mtu wa kukiuliza habari.

Si kila kitu ni kizuri huko pia. Nimeingia maboma ambapo choo ni cha wageni. Kimefagiwa, kina kifuniko cha mbao, bidoni ya kunawia inakanyagwa kwa mguu, na watoto wa nyumba wanakwenda kwenye migomba ili wasikichafue. Nilimuuliza mama mmoja kwa nini. Alinijibu: "Kikijaa, nitachimba wapi tena? Shamba ndilo hili." Usimcheke. Burundi ina watu zaidi ya 400 katika kila kilomita moja ya mraba, na shamba la familia nyingi halifiki nusu ya hekta. Mama yule hakuwa mjinga. Alikuwa amepiga hesabu ya shimo la pili kabla yangu.

Na hesabu hiyo tuipige hapa kambini. Wataalamu wanakadiria kwamba mtu mmoja anajaza kama lita 40 hadi 60 za shimo kwa mwaka. Chukua shimo la mita 1 kwa mita 1, kina cha mita 3. Nusu mita ya juu usiitumie, kwa ajili ya nzi na harufu. Unabaki na lita 2,500. Familia ya watu 6, kila mmoja lita 50, inahitaji lita 300 kwa mwaka, kwa hiyo shimo linaishi miaka kama 8. Ndiyo maana mzee wa Gitega ana mashimo sita kwa miaka 60, hesabu inakubali. Lakini choo cha kambi kinapimwa kwa watu 20. Wanajaza lita 1,000 kwa mwaka. Shimo lile lile linakufa baada ya miaka miwili na nusu. Watu wakiongezeka, kama mwaka 2025 ambapo ndugu zetu wengi walivuka Rusizi, linakufa mapema zaidi.

Kwa hiyo choo cha kambi kinahitaji shimo la pili haraka mara tatu kuliko choo cha mlimani, na sisi ndio tusio na mahali pa kulichimba, wala mgomba wa kupanda juu yake. Tena hatujui kama mwaka ujao tutakuwa hapa, Marekani, au njiani kurudi Fizi. Nani anachimba mita tatu kwa ajili ya mahali anapopaita pa muda? Mama mmoja wa bloki yetu aliniambia, "Mwanangu, ile choo ni ya shirika. Ikijaa, wao watajua." Ninamwelewa. Lakini mimi nimeishi "mahali pa muda" tangu nina miaka 9. Mtoto tuliyemzika aliishi hapa maisha yake yote.

Ndiyo sababu ya kamba na jiwe. Wiki ya kwanza, katika vyoo 32 nilivyoandika kwamba vipo, 11 vilikuwa na nafasi chini ya nusu mita. Viwili havikuwa na nafasi kabisa. Tulipeleka daftari kwa wanaohusika, safari hii tukiwa na namba za vina badala ya namba za vibanda. Vinne vimeshafungwa na kubadilishwa. Saba bado tunangoja. Tukingoja, nyumba zimekubaliana nani anashirikiana na nani, na nani anamwaga majivu siku gani. Wazee wa bloki walisaidia hapo, sisi vijana tusingesikilizwa.

Kwa ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika mtakaosoma hapa, ombi langu ni dogo. Mkija, msituulize tu vipo vingapi. Ulizeni vimebaki na mita ngapi, na shimo la pili litakuwa wapi. Mkileta shitingi na sakafu za zege, tuachieni pia majembe, na tuonyesheni kiwanja kabla ya lile la kwanza kujaa. Historia yote niliyosimulia inaonyesha kwamba watu huendeleza kazi waliyopewa nafasi ya kuiamua.

Na kwenu majirani wa Kinama: Jumamosi tukibisha hodi, tufungulieni. Mtoto wako akituita wavuvi, mwache acheke. Mpe kamba ahesabu mafundo pamoja nasi. Siku moja, popote atakapokuwa, atachimba choo chake cha kwanza, na atakuwa tayari anajua pa kuchimba cha pili.